Maswali ya Wasomaji: Kereng'ende Mbele ya Kamera

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu kereng'ende, wanene na wembamba, na namna ya kuwapata na kuwapiga picha wakiwa huru porini. Wengi mmeuliza kuhusu kamera. Mtaona majibu mengi yanaanzia kwa mdudu mwenyewe, kwa sababu anayejua kereng'ende atatua wapi hupata picha hata kwa kifaa cha kawaida, na asiyejua hurudi na picha za majani matupu hata akibeba lenzi ya bei kubwa.

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Nimezunguka bwawa zima tangu alfajiri nikaambulia kereng'ende wawili tu, tena waliopita kwa mbali. Nakosea saa au nakosea mahali?

JIBU: Huenda vyote viwili. Kereng'ende hawezi kuruka vizuri mpaka misuli ya kifuani mwake ipate joto, na wengi hulipata kwa kuota jua. Siku yenye jua na utulivu, shughuli kando ya maji huanza kama saa tatu asubuhi, hupamba moto kati ya saa nne na saa nane mchana, kisha hupoa. Wingu zito likikaa juu ya jua kwa dakika chache, bwawa lililojaa kereng'ende huonekana tupu. Hawajaenda mbali, wamejibanza kwenye majani wakingoja jua lirudi. Upepo nao una kauli yake. Siku ya upepo, nenda ukingo wa upande ule upepo unakotokea, nyuma ya matete au miti, maana huko kuna kinga na ndiko wanakojikusanya.

Alfajiri si saa mbaya, ila wakati huo usimtafute juu ya maji. Amelala kwenye nyasi na vichaka, kuanzia ukingoni hadi makumi ya mita ndani ya nchi kavu, hasa sehemu ambazo jua la kwanza huzifikia mapema. Inama mpaka macho yako yawe usawa wa ncha za nyasi, utazame kuelekea upande wa jua linalochomoza. Mabawa yenye umande hung'aa dhidi ya mwanga, na ukishamwona mmoja, macho yanazoea na utaona wengine kumi waliokuwa pale pale.

Kuhusu mahali, usitosheke na bwawa moja. Kila aina ina maji yake. Kwenye bwawa la wazi lenye jua utawapata akina Crocothemis, Orthetrum na Anax, majina ya kisayansi ya jamii tatu za wanene. Kwenye kijito chenye kivuli hukaa Phaon iridipennis, mwembamba mwenye umbo kubwa, ambaye mabawa yake hubadilika rangi mwanga ukiyapiga kwa pembe. Penye maji yanayoporomoka kwenye mawe, Zygonyx huelea angani juu ya povu bila kutua kwa muda mrefu. Ardhi tupu kando ya ziwa au mto ni ya Brachythemis leucosticta, ambaye dume lake lina mikanda myeusi kwenye mabawa. Ukitembea taratibu, hukufuata miguuni pako kwa makundi, kwa kuwa hatua zako huwaamsha wadudu wadogo anaowala. Huyo ndiye tunayempendekeza kwa anayeanza: humtafuti, anakuja mwenyewe.

Jambo moja wengi hawalijui: majike hawakai majini. Huja kupandwa na kutaga, kisha huondoka. Ukitaka picha za majike na za vijana ambao rangi zao hazijakomaa, acha bwawa utembee pembezoni mwa miti na kwenye nyasi zenye jua, mita hamsini hadi mia mbili kutoka majini.

SWALI: Nimefundishwa kwamba kereng'ende mwembamba hufunga mabawa akitua na mnene huyaacha wazi. Nina picha ya mwembamba kabisa, lakini mabawa yako wazi. Ni nani huyu?

JIBU: Kanuni uliyofundishwa ni nzuri lakini ina wanaoivunja, na wanaojulikana zaidi ni jamii ya Lestes, wembamba wanaotua huku mabawa yakiwa nusu wazi. Tazama macho badala ya mabawa. Mwembamba ana kichwa kipana, jicho moja kila ncha, na nafasi iliyo kati ya macho ni kubwa kuliko upana wa jicho lenyewe. Mnene ana macho makubwa ambayo kwa kawaida hugusana au hukaribiana sana utosini. Kisha linganisha mabawa ya mbele na ya nyuma: kwa mwembamba yanafanana na yote huanza membamba karibu na mwili, kwa mnene, ya nyuma ni mapana zaidi kwenye shina.

SWALI: Kila ninapomsogelea anaruka. Nimejaribu nguo za kijani, nimejaribu kutambaa, hakuna kitu. Nifanyeje?

JIBU: Rangi ya nguo ina umuhimu mdogo. Jicho la kereng'ende mkubwa limeundwa kwa vijicho vinavyokaribia 30,000, na kazi yake kubwa ni kunasa kinachosogea. Anaona mbele, juu na pembeni kwa pamoja, na hata nyuma anaona kwa kiasi kikubwa. Kinachomtisha ni mambo matatu: kitu kinachokatiza upande mmoja kwenda mwingine, kivuli kinachompitia, na umbo linalotokeza ghafla dhidi ya anga.

Kwa hiyo kabla ya kusogea, angalia jua liko wapi, uchague njia ambayo kivuli chako hakitamfikia. Shusha mwili hadi kinachoonekana nyuma yako kiwe majani, si anga. Inua kamera usoni ukiwa bado umbali wa mita tatu au nne, maana kuinyanyua ukiwa karibu ndiko kunakomrusha. Kisha nenda moja kwa moja kumwelekea. Ukija kwa mstari ulionyooka, umbo lako linakua polepole machoni pake bila kuhama; ukija kwa kuzunguka, unahama, naye anajua. Hatua moja, simama, piga picha moja, hatua nyingine. Akitikisa kichwa haraka, akibadili mkao wa miguu au akiyasogeza mabawa mbele, ganda. Akitulia, endelea. Anayetafuna mawindo husogeleka kwa urahisi zaidi, na asubuhi yenye ubaridi huwa mzito kuruka kuliko saa sita ya jua kali.

Sasa tuseme ameruka. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: wanainuka na kwenda kumtafuta kwingine. Usiondoke. Dume anayelinda eneo lake ana kituo anachokipenda, kijiti kikavu au ncha ya tete, na baada ya kumfukuza mpinzani au kukamata inzi, mara nyingi hurudi pale pale, pengine kabla dakika haijaisha. Wakati hayupo ndio wakati wako wa kusogea. Songa hadi mita moja na nusu kutoka kwenye kijiti, piga goti, weka fokasi kwenye ncha yake, utulie. Akirudi, atakukuta umeshakuwa sehemu ya mazingira. Mizunguko ya kwanza anaweza kusita hewani akikukagua. Usipige hapo, mwache atue mara mbili tatu.

Ikiwa kituo chake kina takataka nyuma au majani yanayoziba, chomeka kijiti chako ukingoni umbali wa mita moja hivi kutoka pale, kirefu kidogo kuliko majani yaliyokizunguka, mahali ambapo mandharinyuma ni maji yenye kivuli au majani ya mbali. Trithemis na Orthetrum hukikubali kijiti kirefu chenye mwonekano mzuri wa maji bila kusita.

Haya yote ni kwa wanaotua. Wale wanaozunguka hewani muda wote wana jibu lao hapa chini.

SWALI: Nina kamera yenye lenzi ya 18–55 iliyokuja nayo, na simu. Je, ninunue lenzi ya makro au zumu ndefu?

JIBU: Kwa kereng'ende wanene, zumu ndefu inayofokasi karibu ina faida kubwa, kwa sababu unapiga ukiwa umbali wa mita moja na zaidi. Tafuta lenzi ya 300 mm, au zumu inayofika 300 au 400, yenye uwezo wa kufokasi kwenye mita moja hadi moja na nusu. Nyingi za aina hiyo hutoa ukubwa wa karibu robo ya mdudu halisi kwenye sensa, yaani kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea picha. Kwa kamera yenye sensa ya upana wa milimita 24, hiyo ni eneo la karibu sentimita tisa na nusu, na kereng'ende wa sentimita sita hujaa vizuri. Ukiongeza pete ya kurefusha lenzi ya 25 mm kati ya kamera na lenzi ya 300, eneo hilo hushuka hadi sentimita saba hivi. Pete haina kioo ndani, kwa hiyo haiharibu ubora. Unachopoteza ni mwanga kidogo na uwezo wa kufokasi vitu vya mbali.

Kwa wembamba, ambao wengi wana urefu wa sentimita tatu hadi tano na mwili wenye unene wa milimita chache tu, makro, yaani lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya 90 hadi 105 mm ndiyo yenyewe. Ile ya 60 mm hutoa ukubwa uleule, lakini inakulazimu uisogeze hadi mdudu awe upana wa kiganja kutoka kwenye kioo, na wachache watakuvumilia.

Lenzi uliyonayo si bure. Iweke kwenye 55, fokasi kwa karibu kadiri inavyokubali, uitumie alfajiri kwa waliolala. Kwa simu, tumia kamera yake ya mara mbili au mara tatu badala ya kupanua picha kwa vidole, kwa kuwa huko kupanua ni kukata picha tu. Simu hushindwa kumwona mwembamba na kufokasi majani ya nyuma. Dawa yake ni hii: elekeza simu kwenye shina nene lililo umbali uleule, bonyeza skrini na kushikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha mrudie mdudu na usogee mbele au nyuma kidogo mpaka awe mkali.

SWALI: Picha zangu zina kichwa kikali lakini mkia umefifia, au mkia mkali na macho yamefifia. Nimefika hadi f/22 na sasa picha nzima imekuwa laini. Tatizo ni lenzi?

JIBU: Lenzi ni nzima. Hesabu ndiyo inayokubana. Kwenye kamera yenye sensa kamili ya milimita 36 kwa 24, ukitumia apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) ya f/8, sehemu iliyo kali kutoka mbele hadi nyuma ni karibu milimita moja tu pale mdudu anapokuwa na ukubwa wake halisi kwenye sensa. Akiwa nusu ya ukubwa huo, inakuwa kama milimita tatu. Akiwa robo, karibu sentimita moja. Ukiziba apecha hadi f/16 unaongeza maradufu, lakini kwa ukubwa halisi apecha hiyo hufanya kazi kama f/32, na mwanga unapopenya tundu dogo kiasi hicho hutawanyika na kulainisha picha yote. Ndicho kilichokupata kwenye f/22. Baki kati ya f/8 na f/11 unapokuwa karibu sana, f/13 ikibidi.

Kinachookoa ni pembe. Weka uso wa nyuma wa kamera, yaani skrini, uwe sambamba na mwili wa mdudu. Kwa picha ya ubavuni, macho, kifua na ncha ya mkia viwe umbali sawa kutoka kwako. Kosa la nyuzi chache tu kwa mdudu wa sentimita saba linapeleka ncha ya mkia nje ya ukali. Tazama kwanza mkia unaelekea wapi, kisha sogeza mwili wako, si mikono tu, mpaka ulingane nao. Kwa kereng'ende aliyetanua mabawa ukampiga kutoka juu, mabawa na mgongo hukaa karibu tambarare moja, na f/8 inatosha.

Ukishindwa kupata vyote, chagua macho. Picha yenye macho makali na mkia uliofifia inakubalika. Kinyume chake hutupwa.

Mpiga picha anayesimama huyumba mbele na nyuma kwa milimita kadhaa bila kujua. Piga goti, bana viwiko mbavuni, na piga mfululizo wa picha tatu hadi tano kila mara. Moja itaangukia mahali pake.

SWALI: Kereng'ende mwekundu niliyempiga ametoka kama doa la rangi, hana pingili wala nywele. Kwenye skrini mwanga ulionekana sawa.

JIBU: Ulionekana sawa kwa sababu grafu ya kawaida ya mwanga huchanganya rangi zote. Kwa dume la Crocothemis erythraea lililokomaa juani, rangi nyekundu hujaa na kufurika wakati kijani na buluu bado ziko chini, na wastani wao unakudanganya. Fungua ile grafu inayoonyesha rangi tatu mbalimbali, utazame ya nyekundu peke yake. Ikiwa imegota ukuta wa kulia, punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja nzima (kupunguza stopu moja ni kubakiza nusu ya mwanga), upige tena. Hifadhi faili ghafi (RAW) badala ya JPEG, kwa kuwa ina nafasi ya kurudisha sehemu kidogo ya kilichopotea.

Wale wenye unga wa samawati au mweupe mgongoni, kama madume ya Orthetrum waliokomaa, wana tatizo hilohilo upande wa mwanga mwingi. Nao wapunguzie kwa kiasi hicho. Jua la saa sita ndilo baya zaidi kwa wote.

SWALI: Je, inawezekana kumpiga akiwa anaruka bila kifaa maalumu?

JIBU: Inawezekana, mradi uchague anayefaa. Dume la Anax imperator, kijani kifuani na buluu tumboni, hupiga doria juu ya bwawa kwa njia ileile saa nzima. Kaa chini ukingoni kwa dakika kumi bila kugusa kamera, umwangalie. Utaona anapogeukia, anaposimama hewani kwa sekunde moja au mbili, na ukingo upi anaupitia kwa karibu zaidi. Hapo ndipo unapomngojea, jua likiwa mgongoni mwako.

Zima fokasi ya kujiendesha kama kamera yako ni ya kawaida. Itashika matete ya nyuma kila mara. Fokasi kwa mkono kwenye jani lililo umbali ambao yeye hupita, kisha acha pete ilivyo. Spidi ya shata, yaani muda kamera inapopokea mwanga, iwe 1/2000 ya sekunde au kasi zaidi, apecha f/8, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) uipandishe inavyohitajika, kwa kawaida 800 hadi 1600 kwenye jua. Mfuate kwa kamera akiwa bado mbali, na anapokaribia umbali ule piga mfululizo, ukitikisa mwili mbele na nyuma badala ya kuzungusha pete. Mabawa ya kereng'ende mkubwa hupiga mara thelathini hivi kwa sekunde, kwa hiyo hata 1/2000 huacha ncha zake na ukungu kidogo. Hilo si kosa; macho yakiwa makali, ukungu wa mabawa huonyesha mwendo.

Tarajia kutupa picha nyingi kuliko utakazobaki nazo. Lenzi ya 200 hadi 300 mm inatosha. Ya 500 humfanya apotee kwenye fremu.

SWALI: Nitumie flashi?

JIBU: Kivulini na msituni, ndiyo, kwa nguvu ndogo na ikiwa imefunikwa kwa kitu cheupe kinachopitisha mwanga, kipana kadiri iwezekanavyo na karibu na mdudu. Flashi iliyo uchi huacha nukta nyeupe kwenye macho na kuwafanya wenye miili ya kung'aa kama chuma waonekane weusi wenye mistari ya mwanga. Kumbuka pia kwamba kamera nyingi haziruhusu spidi kupita 1/200 au 1/250 na flashi ya kawaida, na kwenye jua kali kiwango hicho kinaweza kuijaza picha mwanga kupita kiasi.

SWALI: Nilimpelekea mtaalamu picha yangu bora, ya usoni kabisa, akasema hawezi kumtambua. Kwa nini, ilhali mdudu anaonekana wazi?

JIBU: Kwa sababu uso ni mzuri kwa ukuta wa nyumbani, lakini alama za utambuzi ziko kwingine. Mdudu mmoja anahitaji picha nne: ubavu mzima, mgongo mzima kutoka juu, mabawa yakionyesha mishipa na kile kidoa kilicho karibu na ncha, na ukaribu wa ncha ya mkia. Piga kwanza ya mbali kabla ya kusogea, ili akiruka uwe na kitu mkononi.

Hiyo ncha ya mkia ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Sehemu ile ndefu tunayoiita mkia ni tumbo lenye pingili kumi, na mwisho wake dume ana vishikizo ambavyo humkamatia jike: mnene humshika kichwani, mwembamba humshika nyuma ya kichwa, mwanzo wa kifua. Umbo la vishikizo hivyo hutofautiana kwa kila spishi. Kwa jamii ya Pseudagrion, wembamba wa vijito na mabwawa, mara nyingi ndiyo alama ya uhakika kuliko rangi. Kwa Orthetrum na wengine wengi, angalia pia ubavuni chini ya pingili ya pili, karibu na kifua, ambako dume ana kiungo cha pili cha uzazi kinachochomoza. Picha safi ya ubavu kwa usawa kabisa hukionyesha.

Rangi peke yake hudanganya. Kijana wa dume lekundu huanza akiwa wa manjano kama jike. Kwa Ischnura senegalensis, majike yako ya aina zaidi ya moja, na baadhi wamevaa rangi za dume kabisa. Trithemis arteriosa na Crocothemis erythraea wote ni wekundu. Wa kwanza ana tumbo jembamba lenye weusi pembeni kuelekea ncha, wa pili ana tumbo pana lililobonyea. Andika tarehe, mahali na aina ya maji, kama yalikuwa yakitiririka au yametuama, yenye kivuli au wazi. Mtaalamu hutegemea hayo karibu sawa na picha.

Majike ya baadhi ya jamii hayatambuliki kwa picha hata ukipiga ishirini. Hapo bora kuishia kwenye jina la jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, kuliko kubahatisha.

SWALI: Baada ya mvua naona mamia yao juu ya uwanja wa mpira, mbali na maji yoyote, na hawatui. Ni akina nani na nitawapigaje?

JIBU: Kwa maelezo yako, yaelekea ni Pantala flavescens, wa rangi ya dhahabu, mmoja wa wasafiri wakubwa kuliko wadudu wote. Hufuata mvua, huvuka hata Bahari ya Hindi kati ya Asia na Afrika, na hutaga kwenye madimbwi ya muda, ambamo lava wake (watoto wanaoishi majini) hukua haraka kabla maji hayajakauka. Mchana huelea wakila wadudu wadogo, na kuwapiga hewani ni kazi ngumu kwa kuwa hawana njia maalumu kama Anax. Wafuate jioni. Jua likishuka, au wingu likifunga, hujining'iniza wima kwenye vijiti vya vichaka na ua, mara nyingi kadhaa pamoja. Tafuta chini ya matawi, si juu ya ncha.

Ukiona mkubwa wa kahawia anayeruka machweo tu, huyo ni mwingine. Huenda ni Gynacantha. Mchana hujining'iniza gizani ndani ya vichaka vizito na humwoni mpaka umkurupushe. Macho yako yafuate mahali atakapotua tena, halafu ngoja dakika kadhaa kabla ya kusogea.

SWALI: Nimemkuta mmoja akitoka kwenye gamba lake juu ya tete. Nilimhamishia kwenye jua nipate mwanga mzuri, mabawa yakabaki yamekunjamana. Je, ni mimi?

JIBU: Kwa bahati mbaya, yawezekana. Lava akishapanda kutoka majini na gamba kupasuka mgongoni, kereng'ende husukuma majimaji ya mwili ndani ya mabawa yaliyokunjwa ili yanyooke. Kwa saa kadhaa ni laini kama karatasi iliyolowa. Yakigusa jani au kidole wakati huo, hukauka yakiwa yamepinda, na asiyeweza kuruka hawezi kula. Usimguse, usimhamishe, usivute hata nyasi iliyo karibu naye ikiwa inagusana na tete lake.

Unachoweza kufanya ni kumkinga na mwili wako dhidi ya upepo, na kungoja. Wanene wengi hutoka usiku au kabla ya mapambazuko, wembamba wengi asubuhi jua likiwa limeanza kupanda, kwa hiyo fika mapema na tochi, ukague mashina yaliyosimama majini kuanzia usawa wa maji hadi kimo cha goti. Weka kamera kwenye tripodi, apecha f/11, na kwa kuwa hasogei, spidi ya 1/15 inatosha kama hakuna upepo. Piga picha moja kila dakika mbili: gamba linapopasuka, anapojining'iniza kichwa chini, anapojikunja kushika gamba na kujivuta nje, mabawa yanapojaa. Aliyekwisha kutoka utamjua kwa mabawa yanayometa kama mafuta na mwili usio na rangi kamili. Huyo naye mpitie mbali, maana akiruka kwa hofu kabla hajakauka huangukia majini.

Gamba tupu unaweza kulichukua akishaondoka. Lina alama za kutosha kutambua jamii, na ni ushahidi kwamba aina hiyo inazaliana hapo, jambo ambalo picha ya aliyekomaa haithibitishi.

SWALI: Mama yangu anasema kereng'ende anauma kwa mkia. Ni kweli?

JIBU: Hana mwiba wa sumu. Jike wa aina fulani ana kifaa cha kutagia chini ya ncha ya mkia, na hicho hutoboa mashina ya mimea. Mnene akishikwa mkononi anaweza kubana ngozi kwa taya, utashtuka, hutaumia. Mpe mama salamu zetu.

SWALI: Nimesikia wapo wanaowaweka kwenye friji ili watulie, kisha wanawarudisha kwenye ua na kuwanyunyizia maji. Picha zao ni nzuri mno. Mna maoni gani?

JIBU: Hatuungi mkono, na hatutachapisha picha za aina hiyo. Mdudu aliyepoozwa akarudishwa juani anaweza kuliwa na ndege au kuanguka majini kabla misuli haijapata joto, na aliyebebwa kwenye kopo mara nyingi huchanika ncha za mabawa. Anayejua tabia zao huiona hila hiyo mara moja: miguu imelegea au imeshika petali kwa namna ambayo kereng'ende mzima hashiki, matone ni makubwa na ya ukubwa tofauti, na mdudu wa mtoni amekaa kwenye ua la bustani.

Umande wa kweli hutokea usiku usio na mawingu na usio na upepo. Matone yake ni madogo, yamesambaa sawasawa mwilini, kwenye macho na hata kwenye nywele za miguu. Jioni ya siku moja kabla, tembea ukingoni kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili uone wanakolala, na ufunge uzi kwenye nyasi iliyo hatua mbili kutoka hapo. Alfajiri rudi na tripodi, usimamishe miguu yake mbali na shina alilolishika ili usilitikise. Una muda tangu mwanga unapotosha hadi jua linapomgusa. Akianza kutetemesha mabawa anapasha misuli joto, na zimebaki dakika chache aruke.